Kisanduku cha Mtunzi

Ukitaka kutoa muziki wako mwenyewe siku hizi, bila kampuni na bila prodyuza, kazi ngumu haiko pale unapodhani. Kurekodi utajifunza. Kusawazisha sauti utajifunza, au utamlipa kijana pale Ukunda akufanyie. Kupakia ni suala la bando tu. Ugumu uko kwenye fomu. Kampuni ya usambazaji, ile inayoupeleka wimbo Spotify, YouTube, Boomplay na kwingineko, hukuhoji kama afisa wa uhamiaji: jina la wimbo, jina la msanii, lugha, mwaka, picha ya jalada. Kisha kinakuja kisanduku cha mtunzi. Hakikubali kuachwa kitupu. Kinataka jina la kwanza na jina la ukoo, la mtu, si la kijiji. Chini yake kuna mahali pa kutia tiki, na kutia tiki pale ni kula kiapo kwamba kila kilichomo ndani ya faili ni chako au umepewa ruhusa nacho.

Mimi nimekaa na kisanduku hicho miezi minne sasa. Wimbo uko tayari. Ni gitaa tupu, hauna maneno, dakika tatu na sekunde kidogo. Lakini ile sauti yake, ule mwendo ambao mtu akishausikia huondoka akiupiga mbinja, sikuutunga mimi. Ni wimbo wa arusi wanaouimba akina mama wa huku kwetu Kinondo, kwa kayamba na makofi, usiku wa kuamkia ndoa. Nimeusikia tangu nikiwa nimefungwa mgongoni kwa leso. Swali langu ni jepesi kulitamka: naandika jina la nani?

Wenzangu wapiga gitaa niliowauliza walicheka. "Andika lako, kwani bibi yako atakushtaki?" mmoja akaniambia. Hoja yake si ya kijinga. Pesa yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa rekodi ambayo haijasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita, na gitaa tupu kutoka Kinondo si Diamond Platnumz. Naweza kumaliza mwaka nisipate hata nauli ya matatu ya kufika Likoni. Kama hakuna mali, ugomvi wa urithi unatoka wapi?

Mimi naona unatoka kwenye vifaa. Kwa hiyo hebu nivieleze vifaa kwanza.

Gitaa langu nililinunua kwa mgeni aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, baada ya kupiga naye msimu mmoja kwenye hoteli za Diani. Uso wake ni wa ubao mzima, si plaiwudi, na hapo ndipo raha na karaha zinapoanzia. Ubao mzima unapumua. Kusi ikianza kuvuma, Aprili hivi, hewa hujaa maji na chumvi. Tumbo la gitaa huvimba, nyuzi zikapanda mbali na shingo, vidole vikauma. Kaskazi ikirudi linashuka, na nyuzi zinaanza kukwaruza. Ndani ya boksi lake nimejaza vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Nimewaomba wauza viatu wa Ukunda mpaka wananiona nina walakini. Nyuzi zenyewe hazikai. Mtu wa Nairobi hubadilisha akijisikia. Zangu wiki ya tatu zishaota kutu, hata nikizifuta kwa kitambaa kikavu kila nimalizapo kupiga.

Vya kurekodia ni maikrofoni moja, kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, hedifoni, na kompyuta yenyewe ambayo feni yake inalia kama nyuki, kwa hiyo huiweka chumba cha pili na waya hupita chini ya mlango. Chumba kina kuta za mawe ya matumbawe na paa la makuti. Watu wanauza sponji za studio kwa bei ya mbuzi, lakini makuti hunywa sauti vizuri kuliko sponji. Ningekuwa na mabati ningeshaacha zamani. Mlangoni natundika leso na blanketi. Maikrofoni naielekeza pale shingo inapokutana na tumbo, shubiri moja na nusu hivi. Ukiiweka mbele ya tundu utapata mvumo mzito unaofunika kila kitu. Narekodi kati ya saa nane na saa kumi usiku, boda boda zimelala na adhana bado. Bahari ikiwa imekupwa ni bora zaidi, maana ikijaa huusikia mwamba mpaka ndani. Mvua ikinyesha sahau, ni vyura tu. Katika rekodi niliyoichagua kuna mbwa mmoja anabweka mbali sana. Nimemwacha.

Vyote hivyo, ukiondoa gitaa, vinaingia kwenye begi la shule. Na hilo begi ndilo linalonisumbua.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika, alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville nchini Kongo, mji ambao leo unaitwa Likasi. Ndipo ulipopatikana "Masanga", wimbo ambao mpiga gitaa kavu yeyote wa upande huu wa dunia akiusikia mara ya kwanza huliweka gitaa lake chini na kujiuliza kama ana haja ya kuendelea. Tracey alisafiri na gari zima la mitambo. Zama hizo uwezo wa kuifunga sauti ya mtu ukaibeba ulikuwa wa mgeni mwenye gari: anafika, anarekodi, anaondoka, kijiji kinabaki pale pale. Nampa haki yake, Tracey aliandika majina. Aliandika nani anapiga, lugha gani, mahali gani, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya kuyahifadhi yote, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Bosco hakutoka kwenye ile sahani kama "Mwafrika na gitaa lake". Alitoka kama Bosco.

Sasa gari limenywea likawa begi, na begi ni langu. Mwenye mashine ni mimi. Sheria haiulizi nimezaliwa wapi wala nani alinibeba mgongoni. Sheria ya hakimiliki ya Kenya humtambua kuwa mwenye rekodi yule aliyefanya mipango ya kuirekodi, na humlinda miaka 50. Waliouweka hai wimbo kwa kuuimba tu, mama kwa binti, hawana rekodi. Aliyebonyeza kitufe saa tisa usiku anayo. Watu hulisema neno "msanii huru" kana kwamba uhuru ni kukosa bosi. Kwangu mimi maana yake imekuwa kukosa mtu wa kumsingizia. Zamani ungesema kampuni ilikosea kibandiko, prodyuza alikuwa mjanja, karani hakujua Kiswahili. Hapa mkono unaoandika ni mmoja.

Na usiniambie wimbo mdogo hauna madhara. "Malaika" ulikuwa wimbo mdogo. Fadhili William, kijana wa Kitaita, aliurekodi karibu mwaka 1960, na ulimwengu ukaupokea kwa jina lake. Halafu ukaondoka. Miriam Makeba akauimba, mwaka 1965 ukawa kwenye sahani yake na Harry Belafonte, mwaka 1981 ukafika kwa Boney M. Pesa ilipoanza kunukia, majina mengine yakatajwa: Adam Salim wa Tanzania, Grant Charo, Lucas Tututu wa Mombasa. Fadhili alifariki mwaka 2001 na mabishano yapo mpaka kesho. Mimi si hakimu wake, na sina haja ya kuamua. Ninachokiona ni jinsi mambo yanavyokwenda: jina likishaingia kwenye kibandiko, kazi yote ya kuthibitisha humwangukia yule ambaye hayumo. Naye kwa kawaida ni mzee, hana karatasi, na mashahidi wake washazikwa.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao naukuta kazini. Hotelini lazima upige "Jambo Bwana", hata kama umechoka nao kama daktari na kikohozi. Ule wimbo una mwenyewe: ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms ukatoka mwaka 1982. Una mtunzi, una mwaka, una kila kitu. Lakini wageni huniuliza ni wimbo wa jadi wa kabila gani. Dakika kumi baadaye nawapigia huu wa arusi, polepole, peke yangu, na yuleyule mgeni ananijia na bilauri yake: "Huu umeutunga wewe?" Yaani wenye mtunzi wanaona hauna, usio na mtunzi wanaona ni wangu. Nimefikiri sana kwa nini. Watu wengi wakiimba kwa pamoja huku wanacheka huonekana "utamaduni". Mtu mmoja kwenye kigoda, ameinamisha kichwa, anachomoa nyuzi kwa kucha, huonekana "msanii". Gitaa peke yake lina sura ya mtu mmoja. Chombo kinatoa ushahidi wa uongo kabla mimi sijafungua mdomo, na nikinyamaza, nakubali.

Basi nikaenda kuuliza wenyewe. Bibi yangu na wenzake wana kikundi, kimesajiliwa, kina akaunti, wanakutana Alhamisi baada ya alasiri kuhesabu michango. Niliwachezesha rekodi kwenye simu.

"Mbona umeupoza hivi?" bibi akasema. "Huyu bibi arusi anaolewa au anazikwa?"

Walipomaliza kucheka nikauliza wimbo ni wa nani.

"Wa mwenye arusi," bibi akajibu.

Nikadhani hakunisikia. "Shikamoo tena bibi, nauliza aliyeutunga."

"Nimekusikia, mjukuu wangu. Wa mwenye arusi. Jana wa yule, kesho wa huyu."

Mwenzake akasema wimbo ulitoka Gazi. Wa tatu akamkatalia: Msambweni, uliletwa na shangazi yake alipoolewa huku. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Sisi Wadigo, ambao zamani mali ilipita kwa mjomba kwenda kwa mpwa, kisha ikaja sheria ya dini na hesabu nyingine, na baadaye ya serikali na yake, hatutarajii swali la "ni ya nani" liwe na jibu moja. Lakini jibu la bibi lilinikaa. Katika kila ubeti wa wimbo ule kuna mahali ambapo muimbishaji anasimama na kutia jina. Kwanza la bibi arusi, kisha la mama yake, kisha la shangazi. Jina likiwa refu wanalibana, likiwa fupi wanalivuta mpaka kayamba ziwakute. Ina maana wimbo nao una kisanduku cha jina, sawasawa na fomu. Ila fomu inataka jina moja likae miaka hamsini, na wimbo hauruhusu jina lolote kulala humo mpaka asubuhi.

Na mimi nimeyaondoa maneno. Mahali pale pa jina, kwenye gitaa, nyuzi za juu zinanyamaza na kidole gumba kinaendelea peke yake. Kuna mgeni alinifariji kwa kudhani nimesahau.

Ningeandika "jadi" nikamaliza. Njia ipo, na wengi wanaipita. Mpwa wangu, ambaye mambo haya anayafuatilia kuliko mimi, alinijia juu: "Mjomba, ukiandika jadi umefungua mlango. Mtu yeyote, popote alipo, ataingia achukue, na hatakuwa amevunja kitu." Nikamjibu kwa mfano wa msitu. Kaya Kinondo iko mwendo mfupi kutoka kwetu. Tangu mwaka 2008 ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mgeni anayeingia hufungwa kitambaa cheusi kiunoni na hutoka kama alivyoingia. Hata kijiti kikavu hakitoki. Nikamwambia mpwa wangu kwamba wimbo ni kinyume cha msitu. Kijiti kikitoka msitu umepungua kijiti. Wimbo ukitoka haupungui, na ukikatazwa kutoka ndipo unapokufa.

Ilikuwa hoja tamu, na utamu wake ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu ndiyo hoja ya kila aliyewahi kubeba nyimbo za watu. Daima anauokoa. Nimerudi kuufikiria ule msitu vizuri zaidi. Kile kitambaa cheusi hakimzuii mtu kuingia. Kinamlazimisha akutane na mtu langoni, aulizwe, aambiwe, afungwe kiunoni na mikono ya mwenyeji. Wimbo ukichukuliwa kimyakimya sauti zake zote zinabaki, hilo ni kweli. Kinachopotea ni ile nafasi ya wenyewe kuulizwa, na nafasi hiyo ikishapita hairudi.

Sheria nayo imejaribu. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inaagiza jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, inayotaka idhini ya jamii. Vizuri kabisa. Jamii ni nani? Wazee wa kaya wanalinda msitu, na nawaheshimu, lakini wimbo huu hawajawahi kuuimba. Wakati unaimbwa wao wako barazani wanangoja pilau. Chifu ana muhuri. Kikundi cha bibi kina akaunti, lakini ni akina mama ishirini na kidogo, na wale wa Gazi hawamo. Neno "jamii" ni jepesi sana kulitamka ukiwa mbali.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wema hawapendi kulisikia. Kuandika "jadi" na kujifanya sikuwepo pia ni uongo. Miezi mitatu nimetafuta namna ya kulifanya gumba liseme kayamba: nafunika nyuzi nene kwa ubavu wa kiganja, halafu nazikwaruza kwa ngozi, si kwa ukucha, ili ule mchirizo wa punje utoke bila mlio wa noti. Nimeteremsha uzi wa sita. Nimeupoza wimbo, kama bibi alivyolalamika, na kuupoza kumebadilisha maana yake. Sasa una huzuni ya mtu anayetoka kwao, ambayo nadhani ilikuwemo siku zote chini ya makofi. Hiyo ni kazi yangu, na mtu akiiona mbaya anilaumu mimi, asiwalaumu akina mama. Unyenyekevu unaomficha mfanyaji humficha pia anayestahili kuulizwa.

Nikarudi Alhamisi nyingine na daftari. Tulikubaliana hivi: upangaji wa gitaa uandikwe wangu, rekodi yangu, na wimbo wenyewe uandikwe wao. Chochote kitakachoingia, hata kama ni shilingi arubaini, nusu itumwe kwa M-Pesa ya kikundi kila mwisho wa mwaka. Wa Gazi au Msambweni wakija kudai, waketi na wenzao wa Kinondo, si na mimi. Katibu akaandika kwa kalamu ya bluu, wakatia sahihi, asiyejua kuandika akatia dole.

Usiku nikafungua fomu. Jina la kwanza: Akina Mama. Jina la ukoo: Kinondo. Siku ya pili ikaja barua pepe kwamba jina la mtunzi halionekani kuwa la mtu halisi, tafadhali nilirekebishe. Nimewapelekea picha ya ukurasa wa daftari, pamoja na tafsiri. Bado hawajajibu.

Sharti moja kwenye ukurasa ule sikuwatafsiria, kwa sababu halihusu kisanduku chao chochote. Ni la bibi. Alisema rekodi iende itakako, Ulaya, Nairobi, kwenye simu za watoto, lakini arusini Kinondo isipigwe kwenye spika badala yao. Siku hizi didjei anafika na flashi moja akina mama wanabaki kushika pochi zao. "Hiyo yako ni ya huko," akasema. "Hapa tutaimba wenyewe, maana hiyo haijui jina la mwali." Nikakubali, katibu akaandika. Liko mstari wa tano, chini ya mchango wa matanga, juu ya deni la viti.